Uzi Alioumeza Hamira

Siku Siagi alipoleta paka wake wawili, Fundi alikuwa ameshakubali kuolewa naye. Alikuwa amekubali jinsi mgeni anavyokubali kuongezewa chai: hakuitaka, hakuikataa, basi tu kikombe kilikuwa mkononi.

Watu wa mtaa walimwita Fundi kwa sababu ya mazulia yake. Aliyafuma kwa mkono, ya sufu tupu, fundo kwa fundo, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake. Baba ndiye aliyemfundisha kazi. Baba alipougua, yeye ndiye aliyemuuguza, na alipofariki, yeye ndiye aliyewapokea watu mlangoni na kuwatafutia pa kukaa. Tangu siku ile hakuna aliyemwona akidondosha chozi. Mwanzoni watu walisema amejikaza. Baadaye wakasema ana roho ngumu. Ukweli ni kwamba hakuwa amejikaza wala hakuwa na roho ngumu. Alikuwa amekufa ganzi. Alikula, alilala, alifuma, aliitikia salamu, na ndani yake kulikuwa kimya kabisa, kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

Shangazi, dada yake baba, alihamia pale ili asiachwe peke yake. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa bure, akaanza kumtafutia mume. Akampata Siagi, mwokaji mikate wa mtaa wa pili, mwanamume aliyefiwa na mkewe na ambaye hakuwahi kuoa tena. Jina la Siagi alipewa na wateja kwa sababu ya upole wake. Hata akikasirika sauti yake huteleza tu. Posa ilipoletwa, Fundi alisema, "Sawa." Tarehe ya harusi ilipopangwa, alisema, "Sawa." Shangazi alipomuuliza anataka gauni la mikono mirefu au mifupi, alijibu kwamba yote sawa, akarudi kwenye kazi yake.

Basi siku ile Siagi alisimama mlangoni na kikapu chenye mfuniko, unga umemshika kwenye nyusi, uso umemshuka.

"Watu wa afya wamepita pale kazini," alisema. "Wamesema paka hawatakiwi tena kwenye nyumba ya mikate. Hata stoo. Na chumba changu mimi kiko humo humo. Nikasema, kwa kuwa tunaelekea kuwa nyumba moja..."

Hakumaliza. Shangazi alikuwa ameshatoka jikoni, anajifuta mikono.

"Baba, naomba nikuulize kwa heshima zote. Unaona chumba hiki kimejaa nini?"

"Sufu, Shangazi."

"Na hicho kikapu chako kimejaa nini?"

"Paka, Shangazi."

"Basi sina swali lingine."

Siagi alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba radhi, akafungua mfuniko. Paka mweupe alitoka kwanza, akanyoosha mgongo, akaenda moja kwa moja kwenye kipande cha jua chini ya dirisha na kujilaza kama mto. "Huyu ni Unga," alisema Siagi. "Hana neno na mtu." Wa pili alikuwa wa rangi ya mkate ulioiva, mwembamba, macho yanameta. Alitoka kikapuni, akapanda meza, akashuka meza, akapita chini ya kiti, akatokea juu ya kabati. "Na huyu ni Hamira. Huyu humuachi mahali ukamkuta palepale."

"Tumeona," alisema Shangazi.

Siagi alimgeukia Fundi. "Mke wangu aliwalea kwa matone ya maziwa wakati yeye mwenyewe hawezi kunyanyuka kitandani. Ndiyo maana sijaweza kuwagawa. Ukisema hapana nitaelewa kabisa."

"Sawa," alisema Fundi.

Siagi aliendelea kumtazama, muda mrefu kuliko unaohitajika kusikia neno moja. Yalikuwa macho ya mtu anayegonga mlango na kutega sikio. Fundi aliyaona. Akageuka kuokota donge la uzi lililoanguka.

Unga hakusumbua. Kazi yake ilikuwa kulifuata jua kutoka dirisha moja hadi jingine. Lakini Hamira alikuwa balaa. Madonge ya uzi aliyachukulia kuwa mawindo. Fundi akitoka kidogo, akirudi alikuta uzi umezunguka miguu ya meza, umepita chini ya mlango, umekwenda uani na kurudi. Mazulia yaliyokamilika na kukunjwa ukutani yalikuwa mahali pake pa kunolea kucha. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akajinyoosha kwa raha zote, akayaparua huku akiangalia dari kama mtu anayewaza mambo makubwa.

Shangazi alipambana naye kwa kila silaha. Alimrushia ndala, Hamira alijifunza kusubiri mpaka Shangazi atoke. Alimnyunyizia maji; yakaingia kwenye sufu. Alipanga maganda ya machungwa kuzunguka mazulia, na paka alikaa mbali nayo mpaka yalipokauka. Mwisho akamwaga pilipili ya unga, akapiga chafya yeye siku nzima.

Siagi naye alikuja kila alasiri baada ya kumaliza mikate ya jioni, na mkate wa moto kwenye karatasi chini ya kwapa. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mahali ambapo angeweza kumwona Fundi uso wake, si mgongo. Fundi alifunga mafundo, akashindilia kwa kitana cha chuma, akakata, akafunga tena. Siagi alitazama vidole vile. Wakati mwingine Fundi aliinua macho ghafla na kumkuta anamtazama, na Siagi hakuyakwepesha. Alingoja. Fundi aliyahisi macho hayo jinsi mtu anavyohisi mvua akiwa ndani ya nyumba: anaisikia, anajua inanyesha, lakini haimloweshi.

"Umechoka?" Siagi angeuliza.

"Hapana."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Hamira leo amekusumbua?"

"Si sana."

Na kweli kwake haikuwa sana. Hakuna kilichokuwa sana.

Sasa, pale kwenye mtambo wa kufumia kulikuwa na zulia kubwa, kubwa kuliko yote aliyowahi kufuma. Alilianza mara baada ya msiba, na hakuna aliyeliagiza. Alilifuma kwa sababu mikono ilitaka kazi. Mchana mmoja alitoka na Shangazi kwenda kuchukua sufu kwa mtia rangi. Waliporudi, walisimama kizingitini wote wawili.

Sehemu yote ya chini ya zulia ilikuwa imeraruliwa. Mafundo yamevutwa yakaning'inia kama nywele. Nyuzi za mtande, zile zilizokazwa wima ambazo ndizo uti wa mgongo wa zulia, zilikuwa zimekatika upande mzima. Kapu la uzi lilikuwa limepinduliwa na madonge yametafunwa. Unga alilala katikati ya fujo ile, usingizi wa mtu asiye na hatia.

Shangazi alijishika kichwa. Alisema maneno mengi kuhusu paka, kuhusu mama wa paka, na kuhusu wanaume wanaokuja kuposa na wanyama. Fundi aliweka mzigo wake chini. Alikwenda akapiga magoti mbele ya zulia, akaugusa uzi mmoja uliokatika. Alijua anapaswa kuhisi kitu. Alisubiri. Hakikuja. Alilitazama zulia lile kama anayetazama nguo za jirani kwenye kamba, na jambo hilo ndilo lililomtisha, kwa mbali, kama kelele ya mtaa wa tatu.

Siagi alipofika na mkate wake, alimkuta bado amepiga magoti. Hakuuliza nini kimetokea. Hamira alikuwa juu ya kabati, anajilamba midomo na kumeza mate, anajilamba tena.

"Linatengenezeka?" aliuliza Siagi.

"Sijui. Labda."

Siagi aliuweka mkate mezani. "Nina binamu yangu ng'ambo ya mji, ana ghala la nafaka. Kila siku ananiomba paka. Nitampelekea leo."

"Sawa."

"Wote wawili."

"Sawa."

"Fundi, hebu niangalie." Akamwangalia. "Nikikuambia nimebadili mawazo, hawaendi popote, utasemaje?"

"Ni paka wako."

"Wabaki, wakuharibie na yale ya ukutani?"

"Siagi, unataka niseme nini?"

"Chochote. Nitukane. Nirushie hicho kitana. Kazi yote hii umeifanya tangu msiba, mnyama wangu ameiharibu mchana mmoja, na wewe unaniambia sawa kana kwamba nimekuomba kiti." Sauti yake haikupanda, lakini safari hii haikuteleza. "Nilikaa muda mrefu na mtu anayeondoka kidogo kidogo. Nilikuwa nashika mkono wake, naongea, na najua hanisikii. Sikulalamika, kwa sababu hakuwa na uwezo. Lakini siwezi kuingia kwenye ndoa nikaanza tena kukaa hivyo. Siwezi kukuoa kwa sawa. Ukinikataa, nijue umenikataa. Ukinitaka, nijue umenitaka."

Shangazi alikohoa, akaanza kusema, "Baba, tukae tuzungumze," lakini Siagi alikuwa bado anamtazama Fundi, anamngoja. Fundi alifungua kinywa. Alihisi kwamba kuna neno mahali fulani, kwamba watu wengine katika hali kama hii hulipata. Alilitafuta.

"Kikapu chao kiko nyuma ya mlango," alisema.

Siagi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa matokeo aliyoyajua. Alimwita Hamira akashuka kabatini, akamnyanyua Unga usingizini, akafunga mfuniko. Mlangoni alisimama.

"Mkate bado wa moto," alisema, akaondoka.

Shangazi alikaa kitini, akashika tama.

"Umemwonyesha kikapu."

"Alikuwa anakitafuta."

"Mwanangu. Mwanamume anakuacha mbele ya macho yako, na wewe unamsaidia kufunga mizigo."

Fundi alibaki sakafuni. Alivuta kapu karibu na kuanza kukusanya nyuzi, kwa sababu nyuzi zilikuwa sakafuni na mtu lazima azikusanye. Alizipanga kwa rangi. Alitafuta ncha kwa ncha, akaunganisha vipande vilivyotafunwa ili aone kilichosalia. Uzi mwekundu wa pindo ulimshinda. Mwanzo wake ulikuwepo, umelowa mate, umekatwa kwa meno. Kipande kirefu kilichofuata hakikuwepo. Alikitafuta chini ya kabati, nyuma ya mtambo, uani, mpaka chumbani kwa Shangazi. Hakikuwepo.

Ndipo alipomkumbuka Hamira juu ya kabati, anameza mate na kujilamba midomo, anameza tena.

Alisimama wima. Alichukua simu akampigia Siagi. Iliita ikakatika. Akapiga tena, ikaita ikakatika.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Shangazi alipomwona anatafuta viatu.

"Kwa Siagi. Paka amemeza uzi."

"Si umpigie simu?"

"Hapokei."

"Atapokea baadaye. Sikiliza, mwanangu, nakwambia kama mzazi. Amekukataa hapa, kwenye kizingiti cha kaka yangu, na mimi nimekaa naona. Ukitoka kumfuata sasa hivi, kesho mtaa mzima utasema umemkimbilia mwanamume. Ndugu zako watanilaumu mimi. Hata baba yako, huko aliko, asingependa."

"Baba yangu amekufa, Shangazi."

Hakulisema kwa ukali. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kulisema hivyo. Kwa miezi yote ile watu walikuwa wamesema ametutoka, ametangulia, hatunaye, na yeye alikuwa ameitikia yote. Neno lenyewe hakuwa amelitia kinywani. Lilipotoka, alilisikia kama limesemwa na mtu mwingine, na chumba chote kikalisikia.

Shangazi alimtazama. Kisha akainama, akatoa viatu chini ya meza, akamsogezea.

Fundi alikimbia. Watu walimjua kama mwanamke anayetembea ukingoni mwa barabara akiangalia mbele, kwa hiyo walipomwona anakimbia, walisimama. Kinyozi alitoka nje na wembe mkononi, mteja wake akabaki na povu shavu moja. Mtu mmoja aliuliza kama kuna moto. Alipita bila kujibu. Kifua kilimwaka na mbavu zikamchoma, na katikati ya kukimbia alitambua kwamba anaogopa. Aliogopa hasa. Hakukumbuka mara ya mwisho kuogopa kitu.

Siagi alikuwa nyuma ya nyumba ya mikate, kikapu miguuni pake kimefunguliwa, amechutama. Hamira alikuwa mapajani mwake, shingo ameinyoosha, anatapika bila kutoa kitu. Ncha ya uzi mwekundu ilikuwa inaning'inia pembeni mwa mdomo wake, na Siagi alikuwa ameshaishika kwa vidole viwili.

"Usivute," alisema Fundi.

Siagi aliinua uso. Alimwona anatweta, nywele zimemtoka kwenye kitambaa, amevaa viatu visivyofanana.

"Ni mrefu," alisema Fundi, akijaribu kupata pumzi. "Najua, nimeupima kwa macho. Mwisho wake mwingine uko tumboni. Uzi ukiuvuta upande mmoja, kitambaa chote kinajikunja. Usivute. Twende kwa daktari."

Siagi aliuachia uzi.

Daktari wa wanyama alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alimfungua Hamira mdomo, akanyanyua ulimi, akaguna. "Umejizungusha hapa chini. Nani kavuta?"

"Hakuna aliyevuta," alisema Siagi. "Nilitaka. Yeye amenikataza."

"Basi mshukuru. Utumbo ungekatika. Nitampasua sasa hivi. Siwaahidi kitu. Kaeni pale nje."

Nje kulikuwa na benchi fupi la mbao na ukuta uliopakwa rangi ya kijani mpaka nusu. Walikaa. Mlangoni palipita mwanamke na mbuzi anayechechemea.

"Sikusikia simu," alisema Siagi. "Niliiacha ndani kwenye unga."

"Nilijua."

"Umekimbia njia yote?"

"Ndiyo."

Siagi aliangalia viatu vya Fundi, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia.

"Baba alipokata roho," alisema Fundi ghafla, huku akiangalia ule ukuta, "nilikuwa nimemshikia kikombe cha maji. Nilipoona ameshaondoka, nilikwenda kukiosha. Nikakifuta, nikakirudisha kabatini. Ndipo nikamwita Shangazi. Nilidhani nitalia nikishamaliza kukifuta. Mpaka leo nangoja."

Siagi hakumwambia pole. Alikuwa ameshazisikia pole nyingi za watu, akajua zinafika wapi na zinakomea wapi.

"Mimi nilikutaka kwa sababu umenyamaza," alisema. "Nyumba yangu ilikuwa na sauti za ugonjwa kwa muda mrefu. Nilipokuona umekaa pale mbele ya mtambo, nikaona mtu mwenye amani. Sikujua kwamba si amani."

"Umejua lini?"

"Siku ya kwanza niliyokaa kile kiti. Nikaendelea kuja hata hivyo."

Fundi alimgeukia. Alimtazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza: mikunjo ya pembeni mwa macho, kovu la moto kwenye mkono, kinywa cha mtu aliyezoea kungoja. Alikuwa amemwona mara nyingi bila kumtazama.

"Hamira akipona," alisema Siagi, "nitawapeleka kwa binamu yangu. Usiwe na wasiwasi kuhusu kazi yako."

"Sitaki."

Siagi aliinua uso.

"Sitaki uwapeleke," alisema Fundi. Sauti yake ilitoka kavu, ya kukwaruza. "Nimekasirika. Ndiyo kwanza hasira inanijia, hapa, kwenye benchi. Lile zulia nilikuwa nalifuma kila siku. Kila siku, Siagi. Paka wako ni mshenzi."

"Ni mshenzi," alikubali Siagi.

"Na wewe umeniacha nimepiga magoti sakafuni."

"Nimekuacha. Na wewe umenionyesha kikapu."

"Nimekuonyesha kikapu."

Fundi alikunja mikono mapajani. Ilimuuma, ile hasira, jinsi mguu unavyouma damu inapoanza kurudi, vichomi vidogo vidogo visivyohesabika, mpaka mtu anatamani ganzi ibaki. Siagi alinyoosha mkono wake, akauacha wazi juu ya benchi katikati yao, hakumgusa. Fundi aliutazama mkono ule. Kisha akaweka wake juu yake.

"Sijui kama nakupenda," alisema. "Sitaki nikudanganye. Siku hizi sijui napenda nini. Lakini ungekwenda ng'ambo ya mji usirudi, ningejua umeondoka. Ningelijua hilo kila siku, alasiri."

"Sijakuuliza zaidi ya hilo."

"Basi usiniulize kwanza."

"Sikuulizi."

Walikaa hivyo mpaka daktari alipotoka akivua glavu. Alikuwa na uzi mwekundu umekunjwa kwenye kikaratasi, mrefu kuliko hata Fundi alivyokadiria. Alisema paka yu hai, ana moyo wa ng'ombe, na kwamba kama wanataka abaki hai wampangie maisha. "Paka haachi kuparua. Hata mumpige vipi. Mpeni pa kuparulia. Na uzi, kwake uzi ni nyoka. Atauwinda mpaka umuue. Ufungieni."

Harusi haikufanyika tarehe iliyopangwa. Shangazi aliwapigia ndugu simu mmoja mmoja, akawaambia bwana harusi anamuuguza mgonjwa wa familia, jambo ambalo hakuona kama ni uongo. Siagi alichonga nguzo imara ya mbao, akaizungushia kamba ya katani kuanzia chini hadi juu. Aliisimamisha palepale Hamira alipopenda kunolea kucha, si pembeni wala uani, kwa kuwa paka hatafuti nguzo, anatafuta mahali. Mazulia yaliyokamilika yalihamishiwa rafu ya juu. Sanduku la zamani la nguo likawa la sufu, lina mfuniko mzito, na kila Fundi alipomaliza kazi alitandika shuka juu ya mtambo na kufunga mlango wa chumba. Kabla ya kumpa chakula, walimchezesha kwanza kwa unyoya uliofungwa kwenye fimbo, akimbie, aruke, achoke. Kamba wala uzi havikutumika kwa mchezo tena.

Kucha alizikata Shangazi. Aliapa kwamba hatamgusa paka yule maisha yake yote. Lakini hakuridhika na jinsi Siagi alivyozikata, akamnyang'anya mkasi, akamfunga Hamira kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, akamkata huku anamsema. Baada ya hapo kazi ikawa yake. Hamira alivumilia. Ilikuwa wazi kwamba alimwogopa Shangazi na kumheshimu.

Zulia kubwa Fundi alilifumua sehemu ya chini, akaunga mtande upya, akaendelea. Kuna siku alifuma na kuna siku alikaa tu mbele yake. Usiku fulani aliwahi kulia, kidogo, juu ya jambo dogo, kitufe cha shati la baba alichokiokota nyuma ya kabati. Hakumwambia mtu. Siku nyingi zilikuwa bado za ganzi. Lakini alikuwa ameanza kuzitofautisha.

Alasiri moja Siagi alikuja akiwa amechoka sana. Tanuri lilikuwa limeharibika alfajiri na alikuwa amelitengeneza mwenyewe, ameingia ndani yake mpaka mabega. Alikaa kwenye kiti chake cha karibu na mlango, akaanza kueleza habari ya tanuri, na katikati ya neno akalala. Unga alipanda mapajani mwake. Hamira alizunguka chumba, akaparua nguzo yake, akajilaza juu ya mguu wake.

Shangazi alichungulia, akamnong'oneza Fundi. "Ndugu zako wameuliza tena. Niwaambie nini?"

"Waambie nitawaita mwenyewe."

"Lini?"

"Nikijua ninachowaitia."

Shangazi alitaka kusema kitu. Alimtazama yule mwanamume aliyelala kinywa wazi, akamtazama na mtoto wa kaka yake, akaamua kwenda kutazama maharage yake jikoni.

Fundi alifuma safu moja. Akafuma nyingine nusu. Alipokuja kushtuka, kitana kilikuwa kimelala mapajani mwake na jua lilikuwa limehama dirisha, na kwa muda wote huo alikuwa akimtazama Siagi. Masizi yalikuwa yamemshika sikioni. Kifua chake kilipanda na kushuka, na Unga akipanda na kushuka juu yake. Fundi aliwaza kwamba angeweza kunyanyuka amfute yale masizi, na wazo lile halikumpita kama mawazo mengine. Lilikaa.

Siagi alifumbua macho.

"Nimelala sana?"

"Umekoroma."

"Aibu iliyoje." Aliangalia nje, akaona jinsi mwanga ulivyopungua. Akaangalia mtambo. "Na wewe hujafanya kazi kwa ajili yangu. Mbona hukuniamsha niende zangu?"

Fundi alikuwa na jibu jepesi mdomoni, kwamba alimwona amechoka. Lilikuwa jibu la kweli na lisingemgharimu kitu. Aliliacha.

"Nilitaka uwepo," alisema.

Siagi alimshusha Unga, akautoa mguu wake taratibu chini ya Hamira, akainama, akavua viatu ambavyo kila alasiri alikaa navyo miguuni.